Unahisi una ADHD na umeshavuka miaka 30? Anza na ripoti zako za shule

Ujumbe ulioleta makala hii umetoka kwa mtumishi wa umma wa miaka 34 anayeishi Kisasa hapa Dodoma na ofisi yake iko Mtumba. Ameangalia video nyingi za ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtu akose umakini, asitulie na kukurupuka), amejibu dodoso kwenye simu likamwambia ana dalili zote, na sasa anauliza mambo matatu: aende hospitali gani, apimwe damu au kichwa, na je, akionekana Mirembe, hospitali ya akili, watu watasemaje. Maswali mazuri yote. Lipo la nne ambalo hakuliuliza, na ndilo zito kuliko mengine: daktari akitaka kujua ulikuwaje ukiwa darasa la tatu, utamwonyesha nini?

Nianze na vipimo, maana huko pesa za watu hupotea. Hakuna kipimo cha damu, mkojo wala picha ya kichwa kinachothibitisha ADHD. Mtu akikutaka ulipie picha ya ubongo ili ujue kama unayo, funga pochi. Kinachotumika ni mahojiano marefu na ushahidi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013, ambao hutumika hata nje ya nchi hiyo, unataja dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anatakiwa awe na 6 katika kundi mojawapo. Kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, tuseme kazini na nyumbani, ziwe zinaharibu mambo kweli, na kadhaa kati yake ziwe zilikuwepo kabla hujafikisha miaka 12.

Sharti hilo la mwisho ndipo watu wazima wengi wanapokwama. ADHD inatokana na namna ubongo ulivyokua, haianzi ukubwani. Kama ulikuwa sawa mpaka ulipopandishwa cheo, ulipojifungua au ulipofiwa, basi unachosumbuliwa nacho ni kingine na kina tiba yake. Usikasirike daktari akikuambia hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kupanga foleni, rudi nyumbani ukachimbe. Ripoti za shule ya msingi ni dhahabu, hasa ile sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa ambayo kila mtu huiruka akatazama nafasi aliyoshika. "Ana uwezo ila hatulii." "Anazungumza sana darasani." "Hamalizi kazi." Maneno yale yaliyokuletea fimbo leo yanakutetea (na mwalimu aliyeandika "mvivu" hakuwa tabibu, lakini bado kaacha ushahidi). Piga picha kila ukurasa, panga kwa miaka.

Kama ripoti zililiwa na mchwa, tafuta aliyekulea: mama, shangazi, bibi, dada mkubwa. Usimuulize "nilikuwa mtukutu?" kwa sababu atakujibu "watoto wote wako hivyo" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza matukio. Nikitumwa dukani vitu vitatu nilirudi na vingapi, na chenji ilifika? Masweta ya shule nilipoteza mangapi kwa mwaka? Nikichunga, mbuzi waliingia kwenye uwele wa jirani mara nyingi kuliko wakichungwa na kaka? Hilo la kulinganisha na ndugu wa umri uleule ndilo la kukazania, kwa kuwa kila mtoto husahau. Kinachotafutwa ni aliyesahau kupita wenzake walioishi nyumba moja. Kwa wanawake uliza pia kuhusu ukimya. Msichana aliyekaa dirishani akiota mchana hakumsumbua mwalimu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwona. Wazazi wakiwa wametangulia mbele ya haki, rafiki uliyekaa naye dawati moja anatosha.

Ushahidi wa sasa nao uandikwe. Chukua daftari, wiki mbili tu. Kila jioni andika saa uliyolala, saa uliyoamka, na kilichoharibika siku hiyo kwa jina lake. "Ninasahau sana" haimsaidii daktari. "Jumanne nimeingia kwenye kikao bila taarifa niliyoiandaa usiku, ilibaki juu ya friji" inamsaidia. Ukiweza nenda na mwenza wako au mtu unayeishi naye, maana wengi wetu hujipunguzia makosa, wengine hujiongezea.

Kuhusu dodoso la kwenye simu: lililo maarufu liliandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani, lina maswali 18 yanayohusu miezi 6 iliyopita, na yale 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Majibu yako yakiangukia visanduku vilivyotiwa kivuli, vinavyoashiria dalili, mara 4 au zaidi, maana yake ni kwamba inafaa uchunguzwe. Basi. Asiyelala vizuri, mwenye sonona na mwenye wasiwasi uliopitiliza wote wanaweza kufika 4 bila kuwa na ADHD.

Ndiyo sababu damu unaweza kutolewa, ila kutafuta mambo mengine. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu asitulie. Upungufu wa damu huchosha na kupoteza umakini. Anayekoroma na kukabwa pumzi usiku huamka na kichwa kizito. Kuna kifafa kisichoangusha, mtu huzubaa sekunde kadhaa tu. Pombe, bangi na mirungi zitaje bila aibu, la sivyo utatibiwa kwa makosa. Kubwa zaidi ni bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka: hiyo huja kwa vipindi, wiki za kupaa na wiki za kuzama, wakati ADHD iko vilevile mwaka mzima. Dawa ya kusisimua ubongo ikipewa mwenye bipola ambaye haijatambuliwa inaweza kumpandisha wazimu. Kama umewahi kukaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, ukitumia pesa ovyo, sema hata usipoulizwa.

Sasa Mirembe. Hapa Dodoma jina hilo limekuwa tusi la utani, na watu wanakosa huduma kwa kuogopa kuonekana getini. Ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, wataalamu wapo, na anayekwenda kliniki huonwa akarudi kwake jioni. Kulazwa ni jambo jingine. Moyo ukikataa kabisa, ulizia kliniki ya afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Anayetoka Manyoni, Kondoa au Mpwapwa apige simu kwanza aulize daktari bingwa wa akili yupo siku gani, na kama huwa anaona watu wazima wenye ADHD. Mwenye bima aulize mapema kama dawa atakayoandikiwa inalipiwa na bima hiyo.

Dawa zenyewe si nyingi. Methilifenideti ya kawaida, dawa ya kusisimua ubongo, hufanya kazi saa 3 hadi 4. Huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 5, na kupandishwa polepole. Imo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, ndiyo maana duka la dawa muhimu la mtaani haliuzi, na kumwagiza mtu akubebee kutoka nje bila vibali ni kujitafutia kesi. Uliza inapatikana wapi kabla hujaandikiwa. Dawa ya pili, atomoksetini, haimo katika mkataba huo. Mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 40 kwenda 80, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kitu. Zote zinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo upimwe kabla na baada, pamoja na uzito. Methilifenideti ukiimeza alasiri hulali. Hamu ya kula nayo inaweza kupotea mpaka jioni. Kunywa uji kwanza.

Dawa haikununulii LUKU. Nunua ya mwezi siku mshahara unapoingia, pamoja na kodi, kabla hujaona tangazo lolote. Mikopo ya kausha damu ifute kwenye simu, programu na namba zote, maana inakusubiri saa ile ya kukurupuka. Kengele za asubuhi ziwe mbili, moja ya kuanza kujiandaa na nyingine ya kutoka mlangoni. Bosi akikuagiza kwa mdomo, mrudishie kwa ujumbe: "Mheshimiwa, nimeelewa unataka hiki na hiki kufikia Alhamisi." Ataona una nidhamu, na huna haja ya kumweleza ugonjwa wako.

Ndugu watakaosema umerogwa, wapokee na maombi yao, ila tarehe ya kliniki ibaki palepale.

Na siku ya majibu omba barua yenye jina la utambuzi, tarehe, dawa na dozi yake, hata kama jibu ni kwamba huna ADHD. Watumishi tunajua uhamisho huja bila hodi. Ukifika mkoa mwingine mikono mitupu, daktari mpya ataanza upya na swali lilelile la darasa la tatu.