Mkristo Ndani ya Mahekalu ya Bagan: Jibu kwa Msomaji wa Arusha

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Arusha ambaye anatamani kwenda Bagan, mji wa kale ulio ukingoni mwa mto Irrawaddy nchini Myanmar, lakini ameambiwa na wazee wa kanisa lake kwamba Mkristo akivua viatu mbele ya sanamu ya Budha amekwisha kuiabudu. Ujumbe huo umenitonesha kidonda, kwa kuwa niliporudi kutoka huko mwaka 2019 ndugu zangu wa karibu walinipokea kwa maneno yaleyale, na shangazi yangu mmoja hakutaka hata kuzitazama picha. Nitaeleza nilichokiona, kisha nitasema ninachoamini.

Bagan ulikuwa mji mkuu wa dola iliyounganisha sehemu kubwa ya Myanmar ya leo. Mfalme Anawrahta, aliyetawala kuanzia mwaka 1044 hadi 1077, aliuimarisha Ubudha wa Theravada, mojawapo ya matawi makuu ya dini hiyo, akishirikiana na mtawa Shin Arahan, na baada yake wafalme, malkia, maofisa na matajiri waliendelea kujenga hadi karne ya 13, kila mmoja akiamini kwamba anajiwekea thawabu kwa ajili ya maisha yajayo. Inakadiriwa kwamba mahekalu, pagoda (minara ya ibada ya Kibudha) na nyumba za watawa zilizojengwa katika uwanda ule mkame zilizidi 10,000, na zaidi ya 2,000 zingali zimesimama. Usijaribu kuyaona yote. Chagua machache, ukae humo.

Mimi nilianza na Ananda, hekalu lililojengwa wakati wa mfalme Kyansittha mwanzoni mwa karne ya 12. Nilifika asubuhi na mapema kabla matofali ya uani hayajaanza kuunguza nyayo, maana viatu na soksi huachwa langoni na mwendo wote uliobaki ni wa pekupeku. Nilikuwa nimevaa sketi ndefu na kujitanda kanga mabegani, na mlinzi wa lango aliitazama kanga ile kwa furaha iliyonifanya nijivunie nilikotoka. Ndani kuna sanamu nne za Budha zilizopakwa dhahabu, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 9, zikiwa zimesimama na kuelekea pande nne za dunia. Ile ya kusini ukiitazama kwa mbali inatabasamu, na ukiisogelea uso wake unakuwa mzito wenye mawazo. Niliketi chini kuitazama, na mama mmoja aliyekuwa akisali karibu nami alinisogezea nafasi kwenye jamvi, akanionyesha kwa ishara nikunje miguu nyuma ili nyayo zangu zisiielekee sanamu. Nilikunja. Hakuna aliyenitaka nisujudu, nichome ubani wala niseme neno lolote, naye mama yule alirudi kwenye sala zake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba heshima na ibada ni kitu kimoja. Sisi tuliolelewa jirani na misikiti tumevua viatu mlangoni tangu utotoni kila tulipoalikwa kwenye ndoa ya jirani, na imani zetu hazikupungua.

Hekalu lililonigusa kuliko yote ni dogo, nalo wageni wengi hulipita. Ni Gubyaukgyi, katika kijiji cha Myinkaba, ambamo kupiga picha kumekatazwa na michoro ya ukutani huonekana kwa mwanga wa tochi. Karibu nalo kuna nguzo ya mawe iliyochongwa maandishi mwaka 1113 kwa lugha nne, yaani Kipali, Kipyu, Kimon na Kibama. Maandishi hayo yanaeleza jinsi mwanamfalme Yazakumar, baba yake, yaani mfalme Kyansittha, alipokuwa mgonjwa wa kufa, alivyomtengenezea sanamu ya Budha ya dhahabu na kuiwakfia vijiji vitatu vya watumwa alivyorithi baada ya mama yake kufariki, naye mfalme akafurahi. Nilikuwa nimemzika baba yangu mwaka uliotangulia. Nilisimama mbele ya nguzo ile nikiyatafakari yale niliyowahi kumfanyia na yale ambayo muda haukuniruhusu, nami sioni kwa nini mtu aogope kwamba mahali panapomkumbusha wazazi wake patamtenga na Mungu wake.

Kinachonisikitisha ni wale wanaoingia bila heshima yoyote. Tetemeko la ardhi la Agosti 2016 liliharibu mamia ya majengo, na kilele cha hekalu la Sulamani kilianguka, na serikali imepiga marufuku kupanda juu ya mahekalu. Hata hivyo niliwaona watalii wamekwea kuta za kale wakiwa na viatu vyao, wakisubiri jua lizame, ilhali vilima vya kutazamia vilikuwa vimeandaliwa. Ndugu msomaji, usipande. Matofali yale yamebeba dua za watu kwa miaka 900, na watu wangali wanasali chini yake. Vaa nguo za heshima, vua viatu, punguza sauti, kaa chini.

Dada yangu wa Arusha, miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hali nzuri ya hewa, lakini tangu jeshi lilipotwaa madaraka Februari 2021 nchi ile imo vitani, na tetemeko la Machi 2025 liliumiza vibaya miji ya Mandalay na Sagaing. Kwa hiyo usinunue tiketi kabla hujapata taarifa za kuaminika kuhusu usalama wa njia. Ukipata nafasi siku za mbele, anza na Ananda asubuhi, kisha nenda Myinkaba, na usisahau tochi.