Dira ya kwenye mkanda wa saa, uiamini?

Kaka, hiyo dira ndogo unayotaka kuvaa kwenye mkanda wa saa ukienda kutembea Usambara itakuonyesha kaskazini iko upande gani, basi, usiitegemee kupimia digrii kwenye ramani. Ikikosea digrii 10 tu, kila kilomita unatoka nje ya njia kama mita 175, na msituni huoni mbali. Saa yako ikiwa ya chuma ndo balaa zaidi, sindano inavutwa, kwa hiyo ichomoe uishike mbali na saa na simu, ilale flati kabisa. Halafu muulize muuzaji imetengenezewa kutumika wapi, maana zile za Ulaya huku kwetu sindano inainama upande mmoja inakwaruza inakwama. Zisizo na mafuta ndani achana nazo, sindano inachezacheza haitulii.