Maswali na Majibu: Mkokoteni wa Reli ya Mezani

Nimeunda mkokoteni wa reli yangu ya mfano, wa kipimo cha 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87), kwa vijiti vya kibiriti, unaonekana kama tela la trekta. Nimekosea wapi? (Msomaji, Masasi)

Hukupima. Kijiti cha kibiriti kina unene wa mm 2 hivi. Zidisha kwa 87 unapata sm 17.4. Hiyo ni nguzo, si ubao. Chukua futi, nenda sokoni, muombe mwenye mkokoteni akuruhusu upime. Tuseme sakafu ni m 2.4 kwa m 1.2: kwako ni mm 27.6 kwa 13.8. Ubao wa inchi moja unakuwa mm 0.3, basi tumia vinia (ubao mwembamba kama karatasi nene), uipunguze kwa msasa upande wa chini. Kata vipande 15 vya upana wa mm 1.7, uvipange kwa kukingama, na kati yao uache upenyo wa mm 0.15.

Mikono je? Ni zile zile mbao za inchi mbili kwa nne zinazobeba sakafu, zimepitiliza mbele kama mita moja. Kwako kila moja ni mm 0.6 kwa 1.15, urefu mm 39. Ukibandika vijiti kwenye ukingo wa sakafu vitavunjika siku utakapoushika. Ekseli ikae chini ya katikati ya sakafu. Ukiirudisha nyuma, mvutaji anabeba mzigo badala ya kuuvuta. Na jamani, mkokoteni mtupu wa magurudumu mawili hausimami mlalo wenyewe! Ulaze, mikono iguse ardhi.

Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilikuwa na upana gani? (Msomaji, Lindi)

Mita moja kati ya pau mbili za chuma. Kwa 1:87 tumia njia ya mm 12, iliyo karibu zaidi. Swali hili linarudi kila mara, liandikeni ukutani.

Wachonga vinyago wananipa mabaki ya mpingo bure. Yanafaa? (Msomaji, Mikindani)

Kwa ekseli yanafaa sana, maana nyuzi za mpingo ni za karibu mno na kijiti chembamba hakichaniki ovyo. Kwa sakafu, hapana: mkokoteni wa kazi umepauka kwa jua. Mafuta ya mpingo hukataa gundi, kwa hiyo ufute kwa spiriti na ugundishe papo hapo. Vaa barakoa unapousugua. Vumbi lake linawasha ngozi na kudhuru mapafu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza.

Nipake vanishi gani? (Msomaji, Newala)

Usipake. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku mbili tatu. Paka mbao chai ya rangi iliyokolea, ziache zikauke, kisha paka siki hiyo: zinageuka kijivu cha mbao zilizokaa nje. Fanya haya kabla ya kuunganisha, kwa sababu penye gundi rangi haiingii na doa halitoki.

Matairi nitayapata wapi? (Msomaji, Mtwara)

Kwenye waya wa umeme wa duara, wenye ganda jeusi la kipenyo cha mm 6.8. Vuta nyaya za ndani, kata ganda vipande vya mm 1.9 kwa wembe mpya; wembe butu hulibonyeza, tairi likatoka yai. Kwa kipimo chetu, hilo ni tairi la gari dogo, saizi 165/80 la inchi 13. Lakini reli yetu ya Nachingwea ilifunguliwa 1949 na kufungwa 1962. Kama meza yako ni ya miaka hiyo, fuata tairi la saizi 6.00-16 la Land Rover za wakati ule: kipenyo mm 8.2, upana mm 1.75.