Maswali kwa Anko: Shazam pati 2 imetuangusha, tatizo nini?

Shikamoo Anko. Shazam ya kwanza, ile ya 2019, hapa nyumbani tumeiangalia mpaka watoto wanasema maneno kabla steringi hajayasema. Juzi nikawawekea pati 2, Fury of the Gods, nikajua leo watavunjika mbavu, matokeo yake mdogo kalala katikati, mkubwa kachukua simu, nimebaki mwenyewe na dragoni. Waigizaji walewale, dairekta yuleyule, hela wameongeza. Kimetokea nini? Au ndo tumezeeka?
Baba Wawili, Morogoro

Marahaba Baba Wawili, hamjazeeka bana, na huyo mdogo aliyelala ana jicho la muvi. Wengi wanalilaumu lile dragoni, wengine wanawatupia lawama mama Helen Mirren na Lucy Liu waliocheza maadui, mimi naona hao wote wanasingiziwa. Tatizo ni Billy.

Kwa ambao hawajaiona, nigusie kidogo. Billy Batson ni dogo wa miaka 14 pale Philadelphia, kalelewa nyumba hii katoroka, nyumba ile katoroka, kisa anamtafuta mama yake aliyepoteana naye kwenye maonyesho akiwa mdogo. Anakutana na mchawi mzee, anapewa nguvu, akitamka Shazam radi inapiga anakuwa jibaba lenye misuli, huyo ndo Zachary Levi, ila kichwani bado ni dogo wa miaka 14. Vichekesho vyote vinatoka hapohapo. Yeye na mwenzake Freddy, yule anayetembelea gongo, wanajaribu nguvu huku Freddy anarekodi na simu, hawajui hata anaweza nini. Ile ya dukani nacheka mpaka leo, majambazi wanampiga risasi zinadunda, wao badala ya kuogopa wanashangilia, halafu wananunua bia maana si jitu zima sasa, wakionja tu wanatema, wanarudi ndani kununua vitu vya kutafuna. Watoto kabisa wale.

Sasa mwangalie Billy mwenyewe kabla hajageuka, yule Asher Angel. Mkimya, mgumu, hacheki ovyo, ameumia na anaficha. Akigeuka Shazam ndo anapata nafasi ya kuwa mtoto ambayo hajawahi kuipata maishani. Yaani ule utani wa Levi umebebwa na huzuni ya Asher, ndo maana ulikolea. Siku anampata mama yake anagundua hakupotea, aliachwa, mama alimuona kabisa yuko na polisi akaondoka zake. Billy anamrudishia kile kidira kidogo alichokuwa anakitunza miaka yote, anaondoka. Hapo hakuna mtu anayecheka, na dakika chache mbele unacheka tena na huoni kama umedanganywa.

Pati 2 Billy anakaribia miaka 18, ametulia, anaongea kama mtu anayejua bili ya umeme ni shilingi ngapi. Safi, watoto wanakua. Ila Levi hajakua naye! Akigeuka Shazam anakuwa mtoto zaidi ya pati 1, anapayuka, anakatiza watu, utani juu ya utani. Unakuta kijana ndo mtu mzima na jibaba ndo mtoto, na huamini tena kwamba hawa ni mtu mmoja, na hapo muvi nzima imekufa maana mchezo wote ulikuwa huo. Halafu Asher mwenyewe sasa, anaonekana kwa kuibia, ukienda kuchukua maji jikoni umemkosa.

Na kinachoniuma ni kwamba stori nzuri ilikuwepo mle ndani. Billy anaogopa akifika 18 serikali itaacha kuwalipa wazazi waliomchukua, na wao hawana kitu, kwa hiyo anahisi atatakiwa aondoke. Ndo maana anawang'ang'ania ndugu zake wa kulelewa, ambao nao alishawagawia nguvu, kila kazi waende wote, na ndo maana anashindwa kumuita Rosa, mama aliyemchukua, mama. Kuna sehemu Shazam yuko kwa daktari anamwaga moyo wake, kumbe yule ni daktari wa watoto, anashangaa hili jitu limefuata nini kwangu. Hapo mwanzoni nilikaa vizuri kwenye kiti nikajua haya, tumeanza. Wakaliacha. Wakaja wale maadui, mabinti wa Atlas wa hadithi za Kigiriki, likaja tufaa la dhahabu, mti, mazimwi, farasi wenye pembe, dragoni la mti, jiji linafunikwa kuba, na yule kijana na hofu yake ya kufukuzwa nyumbani akasukumwa pembeni huko.

Mwandishi Henry Gayden safari hii aliongezewa mwenzake, Chris Morgan, huyu ndo kaandika Fast and Furious kibao. Sisemi ni yeye kaharibu, ila mle ndani Shazam mwenyewe anamwambia Helen Mirren kwamba ameziangalia Fast and Furious zote na anajua mambo ni familia, na Helen Mirren kacheza humohumo kwenye Fast. Ni utani, sawa, ila pati 1 ilikuonyesha familia bila kulitaja hilo neno kila saa.

Haki yake pati 2 niipe pia, kuna ile ya barua. Billy na ndugu zake wanaiandikisha barua ya kwenda kwa maadui ile kalamu ya kichawi, Steve, kalamu inaandika kila kinachosemwa mle chumbani, mpaka wanavyokatizana na kuulizana. Mama Mirren anaisoma yote kwa sauti ileile ya kimalkia, hata tabasamu hana. Hiyo dakika moja imenichekesha kuliko dragoni saa nzima.

Anko mambo vipi, mbona watu wanasema pati 2 haikuwa mbaya, ilibuma kwa sababu DC, kampuni yenye Shazam, walikuwa wanabadilisha mabosi? Pia eti Wonder Woman aliharibu mwisho?
Mdau wa Tabata

Poa mdau. Ukweli upo nusu. Mwisho wa Januari 2023 mabosi wapya James Gunn na Peter Safran walitangaza mpango mpya wa DC, na Fury of the Gods ikatoka 17 Machi mwaka huohuo, kwa hiyo watu walishajua hii familia ya muvi inafungwa, nani aende kuangalia kitu ambacho hakina kesho. Miezi michache nyuma Black Adam, muvi nyingine ya DC, nayo haikuleta mkwanja uliotegemewa. Ya kwanza ilitengenezwa kwa kama dola milioni 100 ikaingiza zaidi ya milioni 360 dunia nzima, ya pili bajeti ilizidi hapo, mapato yakaishia kwenye milioni 130 na kitu. Ukitoa mgao wa majumba ya sinema na hela ya matangazo hapo ni hasara tupu.

Sema mabosi hawaandiki vichekesho. Aliyeshalipa kiingilio kakaa kwenye kiti haulizi bosi wa DC ni nani, na wengi walitoka hawajaridhika vilevile.

Kuhusu Wonder Woman, sisi tumekua na ile steringi hafi, si ndio? Wao wakaamua steringi afe. Billy anajitoa mhanga, anazikwa, familia inalia, halafu huyo Wonder Woman, yaani Gal Gadot, anatokea anaitengeneza fimbo ya yule mchawi iliyokuwa imeharibika, steringi anafufuka. Uchungu wenyewe haujakaa hata dakika kumi! Kibaya zaidi, tangazo la TV lilishamuonyesha Wonder Woman kabla muvi haijatoka, kwa hiyo ilikuwa kama kukaa msibani unajua marehemu yuko chumba cha pili anakunywa chai.

Shikamoo Anko, yule mchawi mzee ni Mwafrika kweli au kapakwa tu? Tumebishana saluni.
Dada wa Saluni, Tanga

Marahaba dada. Ni Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Yumo pati zote mbili, na kwenye ya pili anachekesha kuliko wanaolipwa kuchekesha.

Anko, mwanangu ananibishia kwamba Captain Marvel ni mwanamke, mimi nakumbuka kaka zetu walikuwa wanamuita huyu huyu wa radi Captain Marvel. Nani mkweli?
Mama Shule, Dodoma

Wote mama. Huyu wa radi alitoka mwaka 1940 kwenye vitabu vya katuni vya kampuni ya Fawcett, na jina lake lilikuwa Captain Marvel kabisa. Aliuza sana, DC wakawashtaki Fawcett kwamba wamemkopi Superman, kesi ikavutana miaka mpaka Fawcett wakaacha kumchapisha mwaka 1953. Alipokaa kimya, kampuni ya Marvel nao wakatoa Captain Marvel wao mwaka 1967 jina likawa lao. DC walipokuja kumchukua huyu wa radi miaka ya 70 ikabidi vitabu viitwe Shazam. Huyo mwanamke wa mwanao muvi yake ilitoka Machi 2019, na Shazam ikafuata Aprili, hata mwezi haujaisha. Kwa hiyo msigombane.

Shikamoo Anko. Nina mtoto wa miaka 8, nimuwekee ipi, ya kwanza au ya pili? Na ni lazima aone Black Adam kwanza?
Mama wa Mmoja, Kigamboni

Marahaba mama. Black Adam achana nayo kabisa, hamtapotea popote. Muwekee ya kwanza ila kaa naye, usiende jikoni, maana dairekta David Sandberg alianzia kwenye muvi za kutisha, Lights Out na Annabelle: Creation, na ugonjwa haujaisha. Kuna sehemu yule adui Sivana anaingia kwenye kikao cha kampuni ya baba yake na mazimwi saba, mtu anarushwa dirishani, mwingine analiwa kichwa. Ile muondolee tu, ikifika mezani kwenye kikao sogeza mbele. Ya pili nayo ina mwalimu anayenong'onezwa neno moja akajitupa kutoka juu ya paa, kwa hiyo usidhani farasi wa pembe ndo ya watoto. Akishamaliza ya kwanza akalilia pati 2, mpe, akilala muachie alale.