Nina diploma ya maabara, je niache kazi nikasome digrii kwa mkopo wa Bodi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24, nina diploma ya maabara, nipo Kanda ya Ziwa nafanya kazi kwenye maabara binafsi, nalipwa laki nne na nusu kwa mwezi na mkataba sina. Nimepata chuo, digrii ya sayansi ya maabara miaka mitatu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wamenipangia kama 3,500,000 kwa mwaka ukijumlisha bumu (hela ya kujikimu), vitabu na sehemu ya ada, ila ada inayobaki 1,100,000 kila mwaka natakiwa nijazie mwenyewe. Diploma nilisomeshwa na mjomba, sina deni lolote. Wenzangu kazini wananitisha kwamba deni la Bodi linazaa kila mwaka na haliishi. Naomba kujua wanakata asilimia ngapi, wanakata kwenye nini, na je kwa mshahara wa digrii inalipa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mhasibu upande wa mishahara hospitalini, slipu za watu wa maabara, mionzi na famasi nazishika kila mwezi kwaiyo nitakujibu kwa namba, alafu nitakuambia ningefanya nini ningekuwa wewe.

Tuanze na hilo la deni kuzaa manake ndo linalokunyima usingizi. Zamani ilikuwa kweli kabisa. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, 6% kwa mwaka juu ya deni, mtu anakatwa miaka na miaka akiangalia salio halishuki, na watumishi wengi waliumia sana na kitu hiki. Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza Rais Samia akatangaza kuifuta, ikafutwa. Kinachobaki ni ada ya uendeshaji 1%, tena mara moja tu. Wewe ukichukua 3,500,000 kwa miaka mitatu ni 10,500,000, weka na hiyo asilimia moja utadaiwa 10,605,000 na namba hiyo haipandi hata ukikaa bila kazi mwaka mzima. Hao wenzako wanakuhadithia deni la kaka zao, la kwako sio hilo.

Makato ni 15%, toka sheria ilipobadilishwa 2016, kabla ya hapo ilikuwa 8%. Inakatwa kwenye mshahara wa msingi, yaani ile besiki, posho za zamu za usiku na za kuitwa dharura haziguswi. Na unapewa miezi 24 baada ya kumaliza chuo kabla ya kutakiwa kuanza kulipa, ila usiione mingi hiyo, mwaka wa utarajali, yale mafunzo ya kazini baada ya digrii, unakula nusu yake.

Sasa tufungue slipu. Nachukua milioni moja kamili kama besiki ya mwenye digrii serikalini na laki saba kwa mwenye diploma, ni namba za kufanyia hesabu tu, mshahara halisi utauangalia kwenye waraka wa ngazi za TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, manake matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, huwa yanataja ngazi kwa herufi na kada yenu mara nyingi diploma inaanzia B na digrii C. Mwenye milioni moja anakatwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 5% ambayo ni 50,000. Kodi inapigwa kwenye 950,000 iliyobaki, inakuja 115,500. Bima ya afya 3% ni 30,000. Chama cha wafanyakazi 2% ni 20,000. Bodi 150,000. Anaondoka na 634,500 mkononi. Mwenye laki saba asiyedaiwa na Bodi, kwa makato hayohayo, PSSSF 35,000, kodi 49,000, bima 21,000, chama 14,000, anaondoka na 581,000.

Umeona hapo? Kwenye makaratasi digrii imemzidi diploma laki tatu nzima lakini mkononi wamepishana 53,500 tu! Na hali hiyo inakwenda mpaka deni liishe, kwa 10,605,000 ukikatwa 150,000 ni miezi 71, karibu miaka sita, japo mshahara ukipanda na makato yanapanda kwaiyo utamaliza mapema kidogo. Baada ya hapo ndo unaanza kuila digrii yako, tekihomu inakuwa 784,500 na tofauti inafika 203,500 kila mwezi, na pensheni yako muda wote imekuwa ikihesabiwa kwenye besiki kubwa. Watu wengi wanapiga hesabu ya mshahara wa siku ya kwanza wakati faida ya digrii kwenye kada zenu inakuja mwaka wa saba huko, na kwenye kupanda vyeo, manake kuna nafasi za juu kwenye maabara ambazo mwenye diploma hazifikii.

Na deni la Bodi sio gharama yako kubwa kuliko zote. Gharama kubwa ni huo mshahara unaouacha. Laki nne na nusu mara miezi 36 ni 16,200,000, inalizidi deni lenyewe, weka na 3,300,000 ya ada unayojazia. Kama ungekuwa tayari umeajiriwa na serikali kwa hiyo diploma ningekuambia usiache kazi hata kidogo, thibitishwa kazini, jiingize kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, omba ruhusa ya masomo usome huku mshahara unaingia, ukirudi unaomba kubadilishiwa kada. Hiyo ndo njia bora kuliko zote kwa mtu wa diploma na nimeona wengi wakiipita vizuri.

Ila wewe haupo huko. Upo mahali pasipo na mkataba, manake hata akiba ya uzeeni ya NSSF sidhani kama unawekewa, na hilo linaniuma kwasababu miaka yako ya kazi inapita haiachi akiba yoyote. Laki nne na nusu ya namna hiyo inaweza kukatika kesho mwenye maabara akiamka vibaya. Alafu umri wako na mwaka uliomaliza diploma vinakuruhusu, Bodi wana ukomo wa miaka 35 na wanataka mtu aliyemaliza ndani ya miaka mitano, ukisubiri sana mlango unajifunga. Na hata huko kukosa mkataba, kwa hili tu, kumekusaidia, manake mwenye ajira rasmi yenye kipato hana sifa ya kupata huo mkopo.

Kwaiyo ningekuwa wewe ningeenda. Kwa sharti moja ambalo nalisisitiza, hiyo 1,100,000 ya kila mwaka usiikope mtaani. Deni la Bodi linakusubiri mpaka ile miezi 24 baada ya chuo ipite na halina riba, wale wakopeshaji wa mtaani wa kausha damu wanakudai wiki ijayo na ukichelewa inaongezeka, laki tano inageuka milioni kabla semista haijaisha. Mimi nimeona mtu anaanza kazi, slipu yake ya kwanza safi kabisa, ila kadi yake ya benki anayo mtu mwingine, mshahara ukiingia unachukuliwa wote kulipa hela aliyokopa akiwa mwaka wa pili. Huyo Bodi hawajamfanya lolote.

Hiyo hela utaipataje? Kwanza kata rufaa, Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kupanga mikopo, na kama una nyaraka ambazo hukuziweka mwanzoni, mfano cheti cha kifo cha mzazi au barua ya ulemavu, weka, hata wakiongeza laki nne kwenye ada ni nafuu kubwa. Pili, kaongee na ofisi ya fedha ya chuo ulipe kwa awamu, vyuo vingi vinakubali kugawa kwa semista. Tatu, na hii ndo silaha yako ambayo mtoto aliyetoka kidato cha sita hana, wewe una leseni. Usiiache ife! Lipia kila mwaka hata ukiwa chuoni, alafu tafuta maabara au zahanati karibu na chuo inayotaka mtu wa shifti za wikiendi. 1,100,000 kwa mwaka ni kama 92,000 kwa mwezi, shifti chache za kupima malaria, widali na picha kamili ya damu zinaitoa hiyo kama nafasi ipo, ila angalia mwaka wa mwisho kuna utafiti na mafunzo kwa vitendo, huo usiuwekee shifti nyingi.

Nisikufiche kuhusu kusubiri. Baada ya utarajali, ambao unalipwa posho na sio mshahara, ajira za serikali hazitoki kila mwezi, na kibali kikitoka mnagombania wengi. Wengine wanasubiri muda mrefu huku wanafanya private, na huko hakuna cha ngazi B wala C, mnapatana, mwenye digrii anaweza akapewa hela ileile ya diploma kwasababu mashine ni ileile na sampuli ni zilezile. Ndo maana nakuambia usiingie na deni lingine tofauti na la Bodi, manake kwa mshahara wa private ukikatwa hiyo 15% utaishi, ukikatwa na huku na huku hautaishi. Na mwajiri wa private naye anatakiwa kukukata na kupeleka Bodi, kama hakati usifurahi, deni lipo palepale linakungoja.

Kitu cha mwisho nakuomba sana. Siku ukiajiriwa maofisa mikopo wa benki watakufuata ofisini kabla hata hujajua choo kipo wapi. Sheria inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara, kwaiyo kwenye ile slipu ya milioni, yenye makato 365,500 tayari, watakuambia unaweza kukatwa nyingine hadi 301,000, na watakupigia hesabu hiyo nzuri kabisa. Ukikubali unarudi na 333,000 nyumbani, chini ya unacholipwa sasa hivi na diploma yako. Kaa mwaka wa kwanza bila mkopo wa benki, ukipata hela ya ziada ingia kwenye akaunti yako ya Bodi, toa kontroo namba ya kulipia, punguza deni, manake halina riba lakini kila 150,000 unayoilipa mapema ni mwezi mmoja unarudi kwenye 784,500.

Kama rufaa itagoma na hiyo 1,100,000 ya mwaka wa kwanza hauna mkononi kabla chuo hakijafunguliwa, ongea na mjomba wako kwanza, alafu niandikie tena na barua ya ada uliyopewa tuipitie mstari kwa mstari.