Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi?

Mkuu umeuliza mama yako akitoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwenda JFK wa New York atakaa angani muda gani, umbali ni kama kilomita 11,800 na ile ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, inachukua kama masaa 15 kwenda, kurudi ni kama 14 sababu upepo wa juu unavuma toka magharibi unaisukuma. Saa za kule ziko nyuma kwa masaa 7, kipindi cha baridi 8, kwahiyo akipanda usiku anashuka asubuhi tu asishangae. Ila mwambie asikae tu kwenye siti, ainuke atembee na maji anywe, miguu inavimba kweli. Za kuunganisha Doha au Ulaya zinaweza kuwa na bei nafuu lakini masaa yanafika 20 na zaidi, mimi mzazi wangu nisingemhangaisha hivyo.