Maswali ya Wasomaji: Je, kila ukoo wa Uskoti una kitambaa chake?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana wangu anasoma Glasgow na amealikwa kwenye harusi ya mwenzake Mskoti. Ameelezwa kwamba wanaume watavaa kilti, ile sketi ya sufu yenye miraba ya rangi, na kwamba kila ukoo una tartani yake, yaani mpangilio wake wa rangi, ambao watu wameurithi tangu zama za vita ili watambuane. Je, habari hiyo ni ya kweli? Na mgeni asiye na ukoo huko anaruhusiwa kuivaa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kitambaa chenyewe ni cha kale kweli, lakini desturi ya kukigawa kwa koo ina umri wa karne mbili hivi, na walioieneza zaidi ni wafanyabiashara, wanajeshi na mtunzi mmoja wa riwaya.

Tuanze na ukale wake. Karibu na Falkirk kilikutwa kipande cha sufu ya miraba, pamoja na chungu cha sarafu za Kirumi za karne ya 3, na rangi zake mbili ni za manyoya ya kondoo yenyewe, bila kutiwa rangi nyingine. Kipande kingine, kilichofukuliwa kwenye ardhi ya kinamasi huko Glen Affric, kilitangazwa mwaka 2023 kuwa kilifumwa kati ya miaka ya 1500 na 1600.

Ufumaji wake unavutia kuuangalia kwa karibu. Mfumaji hupanga nyuzi za mtande, zile za urefu, kwa hesabu maalumu, tuseme nyekundu 30, kijani 8, kisha nyekundu tena, halafu hupitisha nyuzi za mshindio, zile za upana, kwa hesabu ileile. Nyekundu inapokutana na nyekundu, mraba hutoka mwekundu kamili. Inapokutana na kijani, hutoka rangi ya tatu ambayo haikutiwa kwenye uzi wowote. Kwa njia hiyo, mwenye nyuzi za rangi 6 hupata rangi 21 kwenye kitambaa chake.

Mnamo 1703 Martin Martin, mwenyeji wa visiwa vya magharibi, aliandika kwamba mtu aliyevizoea visiwa hivyo angeweza kukisia, kwa kutazama shuka tu, mvaaji anatoka wapi. Zingatia kwamba alitaja mahali, hakutaja ukoo. Hata katika vita vya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, ambavyo havikufika saa moja, wafuasi wa Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyepigania kuirudishia familia yake kiti cha ufalme wa Uingereza, walijitambulisha kwa utepe mweupe kofiani. Mchoraji David Morier alipochora mapigano hayo muda mfupi baadaye, aliwaonyesha wapiganaji wachache wa Nyanda za Juu, yaani eneo la milima la kaskazini mwa Uskoti, wakiwa wamevaa tartani za namna nyingi, hata mtu mmoja koti lake likiwa na miraba isiyofanana na ya soksi zake. Kama kila ukoo ungekuwa na sare yake, picha hiyo ingekuwa ya ajabu.

Baada ya wafuasi hao wa Stuart kushindwa, Bunge la London lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu: kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi 6, na la pili lilikuwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilidumu hadi 1782, lakini haikuwahusu wanajeshi wa mfalme, na hapo ndipo penye kiini cha jambo letu, kwa kuwa ni katika vikosi kama Black Watch, chenye tartani yake ya kijani, buluu na nyeusi, ambamo mpangilio mmoja wa rangi ulikuja kuwa alama ya kundi zima. Kiwanda cha Wilson cha Bannockburn, kilichovifumia vikosi hivyo, kiliwauzia raia pia, na vitambaa vyake vingi vilianza kwa kupewa namba tu. Kilichoitwa Namba 43 ndicho kilichokuja kupewa jina la ukoo wa Macpherson.

Mwaka 1815 Jumuiya ya Nyanda za Juu ya London iliwaomba wakuu wa koo walete sampuli za tartani zao. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh. Walter Scott, yule mtunzi wa riwaya, aliandaa sherehe na kuwahimiza wageni waje na tartani, naye mfalme akavaa kilti juu ya soksi ndefu za rangi ya waridi. Maduka yalifurika wateja. Kisha mwaka 1842 ndugu wawili waliodai kuwa wajukuu wa Charles Edward Stuart walichapisha kitabu cha tartani 75, wakisema wameinukuu hati ya kale. Hati hiyo ilikuwa ya kughushi, lakini tartani kadhaa za kitabu hicho bado zinavaliwa. Kwa maoni yangu hilo haliwavunjii heshima wanaozivaa leo, kwani vizazi sita au saba vya harusi na mazishi vinatosha kuifanya desturi kuwa yao.

Kuhusu kijana wako, hakuna sheria inayomzuia. Serikali ya Uskoti ina daftari rasmi la tartani lililofunguliwa mwaka 2009, ambamo zimo hata za kampuni na za wilaya, na maduka ya kukodisha mavazi huwa na nyingi zisizo za ukoo wowote. Akitaka kuwa mwangalifu, amuulize bwana harusi kabla ya kuchagua ile ya familia yake. Kilti kamili huchukua takriban mita 7 za kitambaa, kwa hiyo ni nzito: ifungwe kiunoni, si kwenye nyonga, mikunjo ikae nyuma, pindo liishie kwenye goti, na ukingo wa kipande cha mbele kinachokuja juu uwe upande wa kulia wa mvaaji.